Elbo zinazofanana, chuma tofauti: jinsi hidrojeni inavyoharibu mabomba ya shinikizo kubwa

Tarehe 28 Julai 2005, elbo moja ya bomba la inchi 8 ilipasuka katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mjini Texas City, Marekani. Ndani ya bomba hilo ilikuwa ikipita hidrojeni yenye shinikizo la takriban bar 200 na joto linalofikia nyuzi 315 za Sentigredi. Moto uliozuka uliwaka kwa muda wa saa mbili hivi, wakazi wa jirani waliagizwa wasitoke ndani ya nyumba zao, na hasara ya mali ilifikia dola milioni 30. Kwa bahati, mfanyakazi mmoja tu ndiye aliyejeruhiwa, tena kidogo. Miezi minne kabla ya hapo, mlipuko mwingine wenye chanzo tofauti kabisa ulikuwa umeua watu 15 katika kiwanda hicho hicho.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za viwanda vya kemikali, CSB, ilitoa taarifa yake Oktoba 2006. Chanzo kilichotajwa ni jambo ambalo mwenye ghala lolote la vyuma atalielewa haraka. Mapema mwaka huo wa 2005, wakati wa matengenezo ya vibadilisha joto, mafundi walifungua elbo tatu. Zote zilikuwa na ukubwa mmoja na umbo moja. Mbili zilikuwa za chuma chenye asilimia 1.25 ya kromi. Ya tatu ilikuwa ya chuma cha kawaida cha kaboni, nayo ilikuwa imewekwa tangu awali mahali penye joto la chini zaidi, ambako ilifaa. Wakati wa kurudisha, ile ya kawaida ikafungwa mahali pa moto, na ya kromi ikaenda kwenye ubaridi. Hazikuwa zimewekewa alama wakati wa kufunguliwa, na hazikupimwa wakati wa kufungwa. Baada ya miezi michache tu ya kazi, elbo ya kawaida ikapasuka.

Yaani kifaa chenyewe hakikuwa bandia wala hakikuwa chakavu. Kilikuwa chuma kizuri kilichokaa mahali pasipo pake.

Habari hii ya Texas inawahusu vipi wenye malori wa Malaba, Tunduma au Rusumo? Inawahusu kwa njia zaidi ya moja. Dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ambayo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanza kuitumia Januari 2015, husafishwa kwa hidrojeni. Salfa haitoki kwenye dizeli kwa kuchujwa. Hutolewa kwa kuikutanisha dizeli na hidrojeni katika joto la zaidi ya nyuzi 300 na shinikizo la makumi ya bar. Mbolea ya urea inayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kisha ikapanda bara hadi Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, nayo hutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa hidrojeni na naitrojeni katika shinikizo ambalo mara nyingi ni kati ya bar 150 na 250. Kiwanda cha namna hiyo kikisimama kwa sababu ya bomba lililopasuka, meli huchelewa na bei ya mfuko hubadilika.

Njia ya pili iko karibu zaidi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, lakini mwaka 2025 Serikali ya Uganda ilitia saini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM Investments ya Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, Hoima. Kiwanda cha kisasa kinachotaka kutoa dizeli ya salfa kidogo hakikwepi hidrojeni. Mabomba yake, elbo zake, flanji zake na bolti zake zitapita bandarini, zitapanda lori, zitalala ghalani, na kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia fundi wa kuchomelea. Kila mkono kati ya hiyo unaweza kupoteza habari moja muhimu: hiki ni chuma gani?

Chuma kinavyoliwa kutoka ndani

Watu wamezoea kutu. Kutu huonekana, hupunguza unene wa bomba, na fundi mwenye kifaa cha kupimia unene huweza kuigundua. Uharibifu wa hidrojeni hauji hivyo.

Chembe ya hidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote. Katika joto kubwa, hidrojeni iliyo ndani ya bomba huachana kwenye uso wa chuma na kuwa chembe moja moja, na chembe hizo hupenya ndani ya chuma chenyewe kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. Chuma cha kawaida kina kaboni, na kaboni ndiyo inayokipa nguvu. Hidrojeni ikikutana na kaboni hiyo huungana nayo na kuwa gesi ya methani. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu methani ni kubwa mno kuweza kutoka kupitia njia iliyoingilia hidrojeni. Hubaki imenaswa katikati ya punje za chuma, hujikusanya, hujenga shinikizo lake yenyewe, na kufungua nyufa ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Nyufa huungana polepole. Kwa upande mwingine chuma kimepoteza kaboni yake, hivyo kimelegea. Unene wa bomba uko vile vile. Rangi ya nje iko vile vile. Siku moja bomba hupasuka bila kuvuja kwanza.

Kwa chuma cha kawaida, hatari hii huanza kuhesabiwa joto linapopita nyuzi 200 hivi, ikiwa hidrojeni ina shinikizo la kutosha. Jinsi joto na shinikizo vinavyopanda, ndivyo muda unavyokuwa mfupi. Kinachozuia ni kuongeza kromi na molibdeni kwenye chuma. Madini haya huishika kaboni kwa nguvu kiasi kwamba hidrojeni haiwezi kuinyakua kirahisi. Ndiyo maana elbo mbili zinazofanana kwa macho, moja yenye kromi ya asilimia 1 na ushei na nyingine isiyo nayo, zinaweza kutofautiana kwa miaka mingi ya maisha zikiwekwa katika bomba moja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1911 mhandisi Carl Bosch wa kampuni ya BASF, Ujerumani, alikuwa akijaribu kutengeneza amonia kwa wingi. Mitungi yake ya majaribio, iliyotengenezwa kwa chuma kigumu, ilipasuka baada ya saa 80 hivi. Alipoichunguza alikuta sehemu ya ndani imepoteza kaboni. Suluhisho lake lilikuwa la busara kuliko kuongeza unene: aliweka ndani ganda la chuma laini kisicho na kaboni ya kuliwa, lisilobeba mzigo, na nje akabakiza chuma kigumu cha kuhimili shinikizo, kilichotobolewa vitundu vidogo vingi ili hidrojeni iliyopenya itoke nje kabla haijaanza kuleta madhara. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913 kwa msingi huo, na Bosch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Ulaji wa mbolea duniani leo umesimama juu ya vitundu vile.

Mstari uliohamishwa

Mwaka 1949 George Nelson wa kampuni ya Shell alikusanya habari za mitambo iliyoharibika na isiyoharibika, akachora mistari katika karatasi: joto upande mmoja, shinikizo la hidrojeni upande mwingine. Chini ya mstari wa chuma fulani, chuma hicho kilihesabiwa kuwa salama. Juu yake, tafuta chuma bora zaidi. Mistari hiyo ikaingizwa katika mwongozo namba 941 wa Taasisi ya Mafuta ya Marekani, API, na mpaka leo wahandisi wa viwanda vya mafuta na mbolea huanzia hapo.

Udhaifu wake ni kwamba ilitokana na uzoefu, hivyo huhama kila uzoefu mpya unapopatikana. Chuma chenye nusu asilimia ya molibdeni peke yake, kilichowahi kuwa na mstari wake, kilianza kuharibika mahali ambapo mstari ulisema hakuna hatari, na mwaka 1990 mstari huo ukaondolewa. Mitambo iliyokwishajengwa kwa chuma hicho haikuondoka pamoja nao.

Tukio baya zaidi lilitokea usiku wa tarehe 2 Aprili 2010 katika kiwanda cha mafuta cha Tesoro huko Anacortes, jimbo la Washington. Kibadilisha joto kilichotengenezwa mwaka 1972 kwa chuma cha kawaida kilipasuka wakati wafanyakazi wakirejesha kazini vibadilisha joto vya jirani vilivyokuwa vimesafishwa. Watu saba walikufa. Ripoti ya CSB ya mwaka 2014 ilieleza kwamba, kwa makadirio yake, kifaa hicho kilikuwa kikifanya kazi chini ya mstari wa Nelson, upande ule uliohesabiwa kuwa salama. Viungo vyake vya kuchomelea havikuwa vimepashwa moto baada ya kuchomelewa ili kupunguza mkazo, na nyufa zilianzia karibu na viungo hivyo. CSB ilitaka chuma cha kawaida kisitumike kabisa palipo na hidrojeni yenye shinikizo la zaidi ya bar 3.4 hivi na joto la zaidi ya nyuzi 204. API haikufika huko. Toleo lake la mwaka 2016 liliongeza mstari wa chini zaidi kwa viungo vya chuma cha kawaida visivyopashwa moto.

Ripoti hiyo pia ilisema jambo linalostahili kuzingatiwa na anayenunua vifaa vilivyotumika: ukaguzi si kinga ya kutegemewa. Nyufa hizi ni ndogo mno na hukaa sehemu chache, hivyo mkaguzi hodari anaweza kupita juu yake. Bomba lililotolewa katika mtambo wa hidrojeni uliovunjwa huweza kuonekana zima, likapimwa unene likafaulu, kumbe ndani limeoza. Chuma kilichoharibiwa hivyo hakitibiki kwa kuchomelewa, na joto la kuchomelea linaweza kupanua nyufa zilizopo. Mfanyabiashara wa mabomba ya mtumba asiyejua bomba lilibeba nini asiliuze kwa kazi ya shinikizo. Mahali pake ni kwenye tanuri la kuyeyushia, au kwenye nguzo za uzio.

Forodha haioni tofauti

Wapo waagizaji wanaoamini kwamba karatasi za forodha zinatosha kutambulisha mzigo. Kwa mabomba yenyewe kuna ukweli kidogo. Katika orodha ya ushuru, mabomba ya chuma yasiyo na mshono huingia kifungu 7304, na ndani yake mabomba ya mviringo ya chuma cha kawaida yana namba zake, ya chuma kisichoshika kutu yana zake, na ya chuma kilichochanganywa madini mengine yana zake. Bomba la kromi likiandikwa kama la kawaida, kosa hilo ni la forodha pia, na linaweza kumgharimu mwagizaji.

Kwa elbo hali ni tofauti. Viungio huingia kifungu 7307, na humo vimegawanywa kuwa vya kusubu, vya chuma kisichoshika kutu, na "vinginevyo". Elbo ya kuchomelea ya chuma cha kawaida na elbo ya kuchomelea yenye kromi na molibdeni zote ni "vinginevyo", namba ile ile 7307.93. Shehena inaweza kupita mpakani bila kosa lolote la karatasi, ushuru ukalipwa wote, na bado hakuna hata mstari mmoja unaosema ndani ya sanduku mna nini. Na kilichopasuka Texas City kilikuwa elbo.

Kinachosema ni vitu viwili: alama iliyogongwa kwenye chuma, na cheti cha kiwanda kilichotengeneza. Bomba la kawaida la joto kubwa kwa viwango vya Marekani huandikwa A106. Yenye kromi huandikwa A335, kisha P11 kwa ile ya asilimia 1.25 na P22 kwa ile ya 2.25. Kwa elbo, WPB ni ya kawaida, WP11 na WP22 ni za kromi. Kando ya alama hiyo kuna namba ya myeyusho, yaani namba ya chungu ambamo chuma kile kiliyeyushwa, na namba hiyo lazima ionekane pia kwenye cheti. Cheti chenyewe, kwa kawaida cha aina iitwayo 3.1, huonyesha kiasi cha kromi, molibdeni na kaboni kilichopimwa katika myeyusho huo. Cheti kisicho na namba inayolingana na iliyo kwenye chuma ni karatasi tu, hata kikiwa na mhuri wa rangi tatu.

Alama hizi hupotea kwa njia za kawaida kabisa. Bomba la mita 12 hukatwa vipande viwili ili liingie kwenye trela fupi, alama ikabaki kwenye kipande kimoja, na kingine kikawa yatima. Dawa ni kugonga alama upya kwenye kipande cha pili kabla ya msumeno kugusa bomba, si baada. Masanduku mawili yanafunguliwa mpakani kwa ukaguzi, elbo zinamwagwa kwenye turubai, na utingo anazirudisha kwa kuangalia ukubwa. Ghalani mtu anapaka rangi ya kuzuia kutu juu ya maandishi. Rangi za utambulisho nazo zinadanganya, kwa maana kila mteja ana utaratibu wake: mstari wa kijani wa kampuni moja si kijani cha nyingine.

Kwa hiyo orodha ya mzigo inayosema "elbo inchi 8, vipande 40" haijasema kitu. Inapaswa kutaja daraja la chuma na namba za myeyusho kwa kila sanduku, na daraja tofauti zisichanganywe katika sanduku moja hata kama nafasi ipo. Msafirishaji aliyepokea orodha pungufu ana haki ya kuandika upungufu huo kwenye hati ya shehena kabla ya kuondoka bandarini. Mzigo ukikataliwa eneo la ujenzi, swali la nani alichanganya huulizwa kwa kurudi nyuma, na huishia kwa mtu asiye na maandishi.

Wakandarasi wakubwa siku hizi hupima wenyewe. Kuna kifaa cha mkononi mfano wa bastola kinachopiga miali ya eksirei kwenye chuma na kutaja kromi na molibdeni kwa sekunde chache. Hakipimi kaboni, na rangi au kutu lazima ikwanguliwe kwanza, lakini kwa kutenganisha WPB na WP11 kinatosha sana. Mwenye ghala anayehudumia viwanda vya mbolea au mafuta akipima shehena inapoingia, atajua tatizo wakati bado ana haki ya kumdai muuzaji. Akisubiri mteja apime, dai litakuwa juu yake.

Hata hivyo si kila mteja wa hidrojeni ana tatizo hili. Viwanda vya mafuta ya kula vinavyogandisha mafuta kwa hidrojeni hufanya kazi katika joto na shinikizo dogo zaidi, na viwanda vya kioo bapa hutumia hidrojeni iliyochanganywa na naitrojeni bila shinikizo kubwa. Kuwauzia hao elbo ya kromi kwa bei mara kadhaa kwa kisingizio cha methani ni kuwalangua.

Hidrojeni baridi na mitungi barabarani

Kuna uharibifu mwingine wa hidrojeni usiohitaji joto, na huu unawagusa wasafirishaji moja kwa moja. Katika hali ya hewa ya kawaida, hidrojeni ikiingia kwenye chuma kigumu sana hukifanya kiwe na tabia ya kioo: badala ya kupinda, hukatika. Hapa mambo yanageuka. Kwenye joto kubwa chuma cha kawaida ndicho dhaifu, lakini kwenye ubaridi chuma chenye nguvu nyingi ndicho hatari zaidi. Machi 2013, bolti ndefu 32 kati ya 96 zilikatika ndani ya siku chache baada ya kukazwa katika daraja jipya la San Francisco Bay, na hidrojeni ndani ya chuma ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Wauzaji wa bolti za nguvu kubwa zilizopakwa zinki wangefanya vema kuuliza kiwandani zilipakwaje, kwa sababu kuzichovya kwenye asidi kabla ya kuzipaka kunaweza kuingiza hidrojeni hiyo hiyo.

Kwa mitungi, kiwango cha kimataifa ISO 11114 kinataka chuma cha mitungi ya hidrojeni kisizidi nguvu ya megapaskali 950. Mtungi mwepesi wa chuma kigumu zaidi unaweza kufaa kabisa kwa oksijeni au agoni na usifae kwa hidrojeni, ingawa shinikizo la bar 200 ni lile lile. Uzi wa valvu unaokazwa kwa mkono wa kushoto hutenganisha gesi zinazowaka na zisizowaka, lakini hausemi lolote kuhusu chuma. Kinachosema ni herufi H iliyogongwa begani mwa mtungi wa chuma uliotengenezwa kwa viwango vya ISO. Mtungi uliopakwa rangi mara tatu au nne huficha herufi hiyo, hivyo kabla ya kupakia dereva anahitaji brashi ya waya na tochi, na mtungi ambao bega lake halisomeki ubaki chini.